Uvimbe wa Shingo Uliojificha Ndani ya Ukoo

Ndugu msikilizaji, juma hili nakusudia kuzungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatujapata kuusikia kwa jina lake, ingawa mahali unapoanzia kila mtu anapajua. Ni saratani ya tezi ya thairoidi, ile tezi yenye umbo la kipepeo iliyokaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Tena sitazungumzia saratani zake za kawaida, ambazo nyingi zikiwahiwa hutibika vizuri. Nitazungumzia moja isiyo ya kawaida, ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini madaktari waliikata kwa visu vyao, wakaiweka chini ya hadubini, wakaitazama, na bado hawakujua kwamba wanatazama ugonjwa wa peke yake.

Kwa mkazi wa Mbeya, Iringa au Rukwa, shingo iliyovimba haikuwa habari. Rovu lilikuwapo tangu enzi za mababu, na chanzo chake ni udongo wa nyanda za juu ambao mvua ya karne nyingi imeuosha madini joto, hata mahindi na maharage yanayoota hapo hayana madini hayo ya kutosha. Tezi ikikosa madini joto hujitanua ili ikamate hata kile kidogo kinachopita. Miaka ya 1980 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana, na miaka ya 1990 ikaja chumvi yenye madini joto, ambayo leo tunainunua dukani bila hata kufikiri. Rovu si saratani. Lakini mahali penye marovu mengi, uvimbe mmoja wa hatari hupita katikati ya mamia yasiyo na hatari, na mwenye nao huambiwa, "Hata bibi yako alikuwa na rovu, akazeeka nalo." Neno hilo la bibi tulitunze. Huko mbele tutaona kwamba katika ugonjwa huu bibi ni mmoja wa watu wa kwanza ambao daktari anapaswa kuwaulizia.

Wazungu nao walikuwa na nyanda zao za marovu. Uswisi, nchi ya milima ya Alps, ilijaa shingo zilizovimba mpaka ilipoanza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922. Si ajabu basi kwamba bingwa mkubwa wa kupasua tezi hii alitokea huko. Theodor Kocher alipopata uprofesa mjini Bern mwaka 1872, kupasua rovu kulikuwa ni kucheza na roho ya mtu: damu ilimwagika bila kizuizi, na aliyesalimika na damu aliweza kufa kwa kidonda kuoza. Kocher alikuwa mpasuaji wa taratibu mno. Alifunga mshipa mmoja mmoja, akasisitiza usafi, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 wagonjwa wake waliofariki hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel, na alikuwa mpasuaji wa kwanza kuipata.

Hata hivyo ni Kocher mwenyewe aliyefichua kasoro ya ustadi wake. Mwaka 1883 alitangaza kwamba wagonjwa aliowatoa tezi nzima walikuwa wamebadilika: wamevimba nyuso, wamekuwa wazito wa mawazo na wa mwendo, na wale waliokuwa watoto wameacha kurefuka. Tezi ile iliyodhaniwa kuwa haina kazi ya maana, kumbe ndiyo iliyokuwa ikiuendesha mwili. Nafuu ilianza mwaka 1891 pale George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomdunga mgonjwa maji yaliyokamuliwa katika tezi ya kondoo, na mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akaitenga homoni yenyewe, thairoksini. Leo homoni hiyo ni kidonge kidogo kinachomezwa kila asubuhi. Msikilizaji alishike jambo hili, maana bila kidonge hicho habari ya watoto nitakayoieleza isingewezekana.

Tuje sasa kwenye saratani. Thairoidi ina seli za aina mbili zinazoishi nyumba moja. Zilizo nyingi ni zile zinazokamata madini joto na kutengeneza thairoksini. Humo hutokea saratani za papilari na folikulari, ambazo ndizo zinazowapata watu wengi, na pia ile ya anaplastiki, ambayo ni adimu lakini ni kali kupita zote, kwani huweza kuziba njia ya hewa katika muda wa wiki chache. Mahali penye upungufu wa madini joto aina ya folikulari na hiyo ya anaplastiki huonekana kwa wingi zaidi kuliko kwingine. Chumvi ikishatengenezwa, papilari iliyo mpole ndiyo hushika nafasi ya mbele.

Katika miaka ya 1940 tabia ya seli hizo ya kukamata madini joto ilileta tiba iliyowashangaza watu. Mjini New York daktari Samuel Seidlin alikuwa na mgonjwa aliyetolewa tezi mwaka 1923, na miaka mingi baadaye mgonjwa huyo akaonyesha dalili za mtu mwenye thairoksini nyingi kupita kiasi. Tezi haipo, homoni inatoka wapi? Ilitoka kwenye mabaki ya saratani yaliyokuwa yamehamia sehemu nyingine za mwili na kuendelea na kazi ya tezi kama wapangaji waliohamishwa na bado wanapika chakula kile kile. Basi kama mabaki hayo yanapenda madini joto, yapewe madini joto yenye mionzi, yaimeze sumu kwa vinywa vyao wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 1946, na mpaka leo njia hiyo hutumika kwa saratani za papilari na folikulari zilizosambaa. Mgonjwa humeza dawa, na dawa yenyewe huitafuta saratani popote ilipo.

Zipo lakini zile seli za aina ya pili. Ni chache, zimetawanyika katikati ya zile nyingi, na hazikamati madini joto hata chembe. Saratani itokayo humo ukiipa dawa ya Seidlin unamchosha mgonjwa bure, na chumvi yako haina habari nayo, iwe ya Uswisi au ya Bagamoyo. Hapo ndipo jina la ugonjwa linapoacha kuwa suala la wasomi na kuwa suala la uhai. Ukikosea jina umekosea dawa.

Jina lenyewe lilichelewa. Mwaka 1906 daktari aitwaye Jaquet aliandika habari za rovu la saratani lililokuwa na amiloidi, kitu kigumu kinachofanana na nta, ambacho hakionekani katika saratani nyingine za tezi hii. Taarifa yake ilisomwa ikawekwa kando. Kwa miaka mingi wataalamu wa hadubini walipokutana na uvimbe wa namna hiyo, wakiona seli zimesongamana bila mpangilio wa papilari wala wa folikulari, waliutupa katika kapu la anaplastiki. Maana ya kapu hilo ilikuwa ni hukumu: mgonjwa huyu hana hata mwaka. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliohukumiwa hivyo waliendelea kuishi miaka kumi na zaidi, na waliotoa hukumu wakashukuru Mungu badala ya kuichunguza hukumu yao.

Mwaka 1959 madaktari watatu wa Cleveland, Marekani, yaani John Hazard, William Hawk na George Crile, walirudi kwenye vipande vya nyama vilivyokuwa vimehifadhiwa tangu zamani, wakavipitia upya. Walitenga wagonjwa 21 ambao uvimbe wao ulifanana: seli zilizosongamana, ile nta ya amiloidi, tabia ya kukimbilia mitoki ya shingo mapema, na mwenendo uliokuwa katikati, si mpole kama papilari wala si mkali kama anaplastiki. Wakaupa jina la saratani ya medulari. Crile huyo, kwa njia, ndiye aliyejiletea maadui wengi miongoni mwa wapasuaji wenzake kwa kusema kwamba wanawake wenye saratani ya matiti walikuwa wakikatwa nyama nyingi kuliko ilivyohitajika. Labda mtu aliyezoea kuuliza swali moja la ukaidi huwa tayari kuuliza la pili.

Miaka miwili haikupita ikaja habari nyingine kutoka kwa mtu ambaye hakuwa bingwa wa tezi hata kidogo. John Sipple alikuwa daktari kijana, bado yuko mafunzoni katika mji wa Syracuse, jimbo la New York. Aliletewa mgonjwa wa kiume mwenye umri wa miaka 33, ana presha kali isiyoshikika, naye akafariki kwa damu kuvuja katika ubongo. Maiti ilipopasuliwa kwa uchunguzi zilikutwa ajabu tatu katika mwili mmoja: uvimbe katika tezi zote mbili zilizo juu ya figo, saratani katika thairoidi, na uvimbe katika mojawapo ya zile tezi ndogo nne zinazojibanza nyuma ya thairoidi.

Daktari mwingine angeandika kwamba marehemu alikuwa na mkosi, akafunga jalada. Sipple alikwenda maktaba. Alisoma taarifa za wagonjwa zaidi ya 500 waliopata kuandikwa duniani kuwa na uvimbe wa tezi za juu ya figo, akawakuta wengine watano waliokuwa pia na saratani ya thairoidi. Watu watano wanaweza kuonekana si kitu, lakini saratani hii ni adimu, na kwa hesabu za kawaida hata hao watano walikuwa wengi kupita kiasi. Aliandika hivyo mwaka 1961. Baadaye Sipple akawa bingwa wa magonjwa ya kifua na hakurudi tena kwenye tezi, lakini ugonjwa ukabaki na jina lake.

Yafaa tueleze uhusiano huo, kwa sababu umeua watu juu ya meza za upasuaji. Tezi za juu ya figo ndizo zinazotoa adrenalini, ile homoni inayokufanya moyo udunde ukikurupushwa na mbwa usiku. Mwenye uvimbe katika tezi hizo hukurupushwa na mbwa asiyekuwapo. Ameketi barazani, ghafla kichwa kinamgonga, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, kisha hali inatulia kama vile hakikutokea kitu. Sasa mchukue mtu huyo umlaze usingizi ili umpasue shingo, bila kujua alichonacho tumboni. Uvimbe ukitikisika unaweza kumwaga adrenalini yote kwa mkupuo, na moyo ukasimama. Ndiyo maana kanuni ikawekwa: mwenye saratani ya medulari apimwe kwanza tezi za juu ya figo, na zikiwa na uvimbe zishughulikiwe hizo kabla kisu hakijagusa shingo.

Na hapa lazima nimtaje binti mmoja wa Kijerumani. Mwaka 1884, katika mji wa Freiburg, alipokelewa hospitali binti mwenye umri wa miaka 18 aliyekuwa akisumbuliwa na moyo kwenda mbio, kuumwa kichwa na kutapika. Alifariki ghafla. Maiti ilipochunguzwa, tezi zake zote mbili za juu ya figo zilikutwa na uvimbe. Daktari Felix Fränkel aliandika habari zake mwaka 1886, na taarifa hiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya ugonjwa huo duniani. Hakuna aliyeuliza juu ya ukoo wake. Wakati ule hapakuwa na sababu ya kuuliza. Tutamrudia binti huyu.

Tuvuke bahari twende London. Mwaka 1965 mtaalamu wa hadubini Dillwyn Williams alipitia wagonjwa 17 waliokuwa na saratani ya thairoidi pamoja na uvimbe wa tezi za juu ya figo. Alibaini kwamba saratani hiyo si ya aina yoyote tu, bali ni ile ile ya medulari ya akina Crile, na kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na ndugu wenye ugonjwa huo huo. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba saratani ya medulari inatokana na zile seli chache za aina ya pili. Vipande vilivyokuwa vimetawanyika vikaanza kukutana.

Lakini seli hizo zilikuwa na kazi gani? Jibu lilitoka upande usiotazamiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Harold Copp wa Vancouver, Kanada, aligundua homoni inayoshusha kalsiamu katika damu, akaiita kalsitonini, na akadhani inatoka katika zile tezi ndogo nne. Wenzake wa London hawakuridhika. Wakachukua mbuzi, kwa sababu mishipa ya shingo ya mbuzi humruhusu mtafiti kuipitishia thairoidi damu peke yake bila kuzihusisha zile tezi ndogo. Mwaka 1964 mbuzi wakatoa ushahidi: kalsitonini inatoka ndani ya thairoidi yenyewe. Miaka miwili baadaye seli zinazoitoa zikapewa jina la seli C, nazo zilikuwa ndizo zile zile ambazo Williams alizitaja kuwa mzazi wa saratani ya medulari.

Msikilizaji ataona mara moja maana yake. Saratani inayotokana na seli C nayo itatoa kalsitonini, tena kwa wingi. Mwaka 1968 madaktari wa Boston, Kenneth Melvin na Armen Tashjian, walithibitisha hivyo, na miaka michache baadaye walikuwa wakipima damu ya ndugu wa wagonjwa. Ndipo walipowakuta watu wazima wa afya, shingo laini, hawaumwi chochote, lakini kalsitonini imepanda. Walipopasuliwa, saratani ilikuwamo, ndogo kama punje. Katika miaka ile hilo lilikuwa jambo geni kabisa: saratani kusomwa ndani ya bomba la damu kabla jicho halijaiona wala kidole hakijaigusa.

Njia hiyo ilikuwa na adha yake. Kwa kuwa kalsitonini ya mtu asiyeumwa waziwazi huweza kujificha, ilibidi achokozwe kwanza. Alidungwa kalsiamu, au dawa iitwayo pentagastrini, kisha damu ikachukuliwa mara kadhaa katika dakika chache. Pentagastrini humfanya mtu apate joto usoni, kichefuchefu na kifua kubana. Hupita upesi, lakini watoto wa koo hizo walipaswa kudungwa hivyo kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, na sidhani kama mtoto aliyeionja mara moja alikwenda kwa hiari mara ya pili. Tena kipimo kilikosea pande zote mbili. Wapo waliochelewa kugunduliwa, na wapo waliotolewa tezi, halafu baadaye ikabainika kwamba hawakuwa wamerithi kitu.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1993. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, pamoja na wenzao wa St. Louis, Marekani, kila kundi kwa njia yake, waligundua kwamba ugonjwa unarithiwa kupitia kasoro ndogo katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 10. Jeni hiyo inaitwa RET, na ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1985 kwa kazi ya Masahide Takahashi, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, ingawa wakati ule hakuna aliyejua ingefikia wapi. Jeni ni kama mstari katika maandishi ya kuuongoza mwili. Hapa herufi moja tu imekosewa, na kosa hilo huwa linaiamuru seli C iendelee kugawanyika hata pasipo sababu. Mzazi mwenye kosa hilo humpa kila mtoto nafasi sawa ya kulirithi na ya kulikosa, sawasawa na kurusha shilingi. Na anayelirithi karibu hakika atapata saratani ya medulari asipotolewa tezi mapema. Inafaa niongeze kwamba karibu robo tatu ya wagonjwa wa medulari hawakurithi chochote. Kosa limezukia ndani ya uvimbe wao wenyewe. Lakini hakuna awezaye kujua mgonjwa yuko kundi gani mpaka damu yake ipimwe jeni, na hapo ndipo ndugu zake wanapoingia katika habari.

Ikawa sasa mtoto wa miaka mitano, anayecheza mpira uani, hana uvimbe, hana maumivu, damu yake ya kalsitonini ni ya kawaida, anaweza kutajwa kuwa mgonjwa wa miaka ijayo. Afanyiwe nini? Samuel Wells wa St. Louis na wenzake walijibu mwaka 1994. Walipima watu 132 wa koo 7. Miongoni mwa waliokutwa wamerithi kosa hilo, 13 walikubali kutolewa tezi, na 6 kati ya hao 13 kalsitonini yao ilikuwa bado ya kawaida. Tezi zilipotazamwa kwa hadubini seli C zilikuwa zimeanza kuongezeka katika tezi zote, na baadhi saratani ilikuwa tayari imo.

Walikuwapo waliouliza, na nadhani walikuwa na haki ya kuuliza, nani amempa daktari ruhusa ya kumkata mtoto mzima. Upasuaji huu si mzaha. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti inapita nyuma ya tezi, na ikijeruhiwa mtoto huongea kwa kukwaruza. Zile tezi ndogo nne nazo zikikosewa, kalsiamu hushuka, misuli hukakamaa, na kumeza kalsiamu huwa kazi ya maisha. Kisha kuna kile kidonge cha thairoksini, kila asubuhi, bila kukosa, maana akikikosa atarudi kuwa kama wale wagonjwa wa Kocher wa mwaka 1883. Kwa mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa, hilo ni swali la duka la dawa na mfuko wake kwa miaka sitini ijayo.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Mwaka 2005 kundi hilo la St. Louis lilitoa taarifa ya vijana na watoto 50 waliotolewa tezi kwa ushahidi wa jeni, wakafuatiliwa kwa miaka mitano au zaidi. Kwa 44 kati yao haikuonekana dalili yoyote ya saratani. Kwa ugonjwa ambao ukishatoka nje ya tezi huwa ni vigumu mno kuung'oa, hiyo si hesabu ya kupuuza. Tangu hapo kanuni zimenyooshwa zaidi kwa kutazama ni herufi ipi hasa iliyokosewa. Kwa kosa lililo kali kuliko yote, mtoto hupasuliwa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Kwa lile linaloonekana mara nyingi katika koo za aina ya Sipple, kabla au anapofikia miaka mitano. Kwa mengine yaliyo mapole, huweza kusubiriwa huku kalsitonini ikipimwa.

Jambo moja husahauliwa watu wanapobishana juu ya kipimo hiki. Kinawaweka huru wengi sawa na kinaowafunga. Yule mtoto ambaye shilingi imemwangukia vizuri hana haja tena ya sindano za kila mwaka, wala hana ugonjwa wa kuwarithisha wanawe. Kabla ya mwaka 1993 ukoo mzima ulitiwa katika hofu moja, aliyerithi na asiyerithi.

Kwa waliochelewa, waliofika hospitali saratani ikiwa imeshasambaa, habari si nzuri sana, ila si kama zamani. Dawa za kawaida za saratani hazikuifaa medulari, na mionzi ya madini joto tumeshaieleza. Mwaka 2011 Marekani iliruhusu dawa ya vidonge iitwayo vandetanibu, mwaka 2012 kabozantinibu, na mwaka 2020 selperkatinibu, ambayo imelengwa kwenye kosa la RET lenyewe. Huurudisha uvimbe nyuma, kwa wengine kwa muda mrefu, lakini si za kuung'oa, na bei yake humshinda hata mwenye kipato kizuri. Kisu kilichowahi bado ndicho tegemeo.

Je, sisi huku yatufae nini? Maabara ya kupima RET haipo kila mkoa, na kalsitonini si kipimo cha zahanati. Mara nyingi kwetu saratani hii hutambuliwa baada ya upasuaji, pale kipande cha nyama kinaposomwa. Lakini Sipple hakuwa na maabara ya jeni. Alikuwa na presha ya mgonjwa, maiti yake, na maktaba. Kipimo cha presha tunacho. Na swali la ukoo halina gharama: nani katika nyumba yenu aliwahi kuvimba shingo, nani alikufa ghafla akiwa bado kijana, nani alikuwa akitokwa jasho na moyo kwenda mbio bila sababu, nani alianguka akipasuliwa? Kinachotukwamisha ni ulimi. Vifo vya namna hiyo katika koo zetu huwekewa maelezo mengine, mkono wa mtu au laana ya mzee fulani, na kisha hufunikwa kwa sababu kuna binti anatafutiwa mchumba. Shangazi akificha uvimbe wake, mpwa wake anabaki peke yake mbele ya daktari bila ushahidi.

Nilisema tutamrudia binti wa Freiburg. Mwaka 2007, Hartmut Neumann na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika mji ule ule alikofia. Walitumia taarifa ya Fränkel, wakafuatilia ukoo wa marehemu kizazi kwa kizazi, wakawafikia ndugu walio hai. Walipopima damu, ndugu wanne walikutwa na kosa la jeni ya RET. Kwa hiyo ugonjwa wa yule binti aliyefariki mwaka 1884, ambao daktari wake aliuona katika tezi za juu ya figo tu, ulikuwa ndio huu wa ukoo unaobeba saratani ya medulari shingoni. Ilichukua miaka 121 tangu taarifa ile kuandikwa kuupata jina lake kamili, na sasa watoto wa ndugu hao wanaweza kupimwa kwa damu kidogo tu.